Mapengo, mchoro au maigizo? Njia za kumfundisha mtoto kumweleza mhusika kwa sentensi

Mwambie mtoto wa Gredi ya 2 aandike sentensi tatu kuhusu Fisi wa hadithini, na mara nyingi utapata hizi: Fisi ni mnyama. Fisi ni mbaya. Fisi anapenda kula. Herufi kubwa ipo, nukta ipo, sarufi haina doa, na mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani ataweka tiki aendelee na linalofuata. Lakini futa neno Fisi uandike Simba, au Chui, au mbwa wa jirani. Hakuna kinachoharibika. Sentensi inayohama kutoka kwa mhusika huyu hadi kwa yule bila tatizo bado haijamweleza yeyote.

Hicho ndicho kipimo changu katika kulinganisha njia zinazotumika katika madarasa ya chini hapa Nairobi: je, sentensi aliyoiandika mtoto inahamishika? Unadhifu, mwandiko na urefu ni mambo mengine, na yana siku yake.

Nitatumia hadithi moja tu, ile ya njia panda, kwa kuwa karibu kila mtoto ameisikia au ataielewa akisimuliwa mara moja. Fisi ananusa nyama, anafuata harufu mpaka njia panda, na pale harufu inamjia kutoka pande zote mbili. Anashindwa kuchagua. Anaweka miguu ya kushoto njia hii, ya kulia njia ile, anaendelea kutembea huku njia zikizidi kuachana, mpaka anapasuka msamba. Ndiyo maana tunasema njia mbili zilimshinda fisi. Ni hadithi fupi yenye mhusika mmoja na tabia moja iliyo wazi, kwa hiyo inafaa kuonyesha ni njia gani inamsaidia mtoto na ipi inampotezea wakati.

| Njia | Inahitaji nini | Inamfaa nani zaidi | Inapoteleza |
|---|---|---|---|
| Kujaza mapengo | Ubao na chaki | Anayeogopa ukurasa mtupu. Anayeyumba kwenye upatanisho (kuilinganisha sifa na jina lake) | Darasa zima laandika sentensi moja |
| Kuchora na kuandika | Penseli, daftari | Mwenye Kiswahili kichache. Gredi ya 1 | Kipindi kinaisha mtoto akipaka rangi |
| Kuigiza na kuhoji | Sauti na kiti kimoja | Anayeongea kuliko anavyoandika | Kelele. Wapole hubaki watazamaji |
| Maneno ukutani | Manila na kalamu nene | Yeyote, kama msaada wa pembeni | Mtoto huokota neno asilolielewa |

Mapengo

Hii ndiyo njia iliyozoeleka zaidi, na sababu yake inaeleweka. Katika madarasa ya chini kipindi ni cha dakika 30. Ukiondoa muda wa kutulia, kugawa madaftari na kumtafuta aliyeficha penseli ya mwenzake, unabaki na muda usiotosha mtoto kukaa akitafakari. Ukiandika ubaoni "Fisi ni ______", kila mmoja anajua la kufanya.

Shida ni kwamba pengo la namna hiyo linaita neno la kwanza lililo karibu, na lililo karibu ni "mbaya". Pengo hilo ningelitumia wiki ya kwanza tu, tena kwa Gredi ya 1, na kabla ya kuandika ningewapa watoto maneno ya tabia wayaseme kwa mdomo: mlafi, mjanja, mwoga, mchoyo, mkarimu, mvivu, mpole. Yote haya yanaanza kwa m- kwa sababu mhusika ni wa ngeli ya A-WA, yaani kundi la majina ya watu na wanyama, kwa hiyo hayamtegi mtoto. Hodari na maskini ni rahisi zaidi, kwa maana hayabadiliki hata ukiyaweka wapi.

Pengo lenye faida zaidi ni hili: "Fisi ana ______ ______." Hapa mtoto anataja kiungo na sifa yake, na ghafla somo la kuandika limegeuka somo la ngeli bila mtu kulitangaza. Hebu mpitie Fisi kuanzia puani hadi mkiani. Pua ndefu. Kichwa kikubwa. Ulimi mrefu. Meno makali. Miguu ya nyuma mifupi. Mkia mfupi. Mnyama mmoja tayari amekupitisha I-ZI, KI-VI, U-ZI, LI-YA na U-I. Sijaona zoezi la sarufi katika vitabu vya watoto linalozizunguka ngeli upesi hivyo likiwa bado na maana.

Na hapa ndipo Nairobi inapojitokeza. Mtoto wa Umoja au Kawangware ataandika "miguu fupi" na "meno kubwa" kwa sababu ndivyo asikiavyo kwenye matatu, sokoni na nyumbani. Hajui kwamba kuna kosa, maana katika Kiswahili cha mtaani hakuna. Pengo husaidia sana hapa kuliko njia nyingine zote: mwalimu anaandika "miguu mi______" na "meno ma______", anaacha shina tu lijazwe, na sikio la mtoto linaanza kuzoea. Kumkemea hakusaidii. Atakachojifunza ni kuandika sentensi zisizo na sifa yoyote ili asikosee.

Lakini pengo ninalolipenda kuliko yote ni la tatu: "Fisi ni ______ kwa sababu ______." Sehemu ya kwanza yaweza kuwa neno lolote la ubaoni. Sehemu ya pili inamrudisha mtoto kwenye hadithi, hana njia ya kukwepa. "Fisi ni mlafi kwa sababu alitaka nyama ya njia zote mbili." Sasa jaribu kumweka Simba pale. Haingii. Ukiwa na muda wa pengo moja pekee muhula mzima, chagua hili.

Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika kuhusu msaada ambao mtu mzima humpa mtoto anapojifunza jambo lililo juu ya uwezo wake, wakauita jukwaa la mjengo. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuchorewa jukwaa hilo. Ni ile miti ya mikaratusi iliyogongomewa misumari, inayozunguka kila ghorofa jipya, na ambayo fundi huishusha ukuta ukisimama. Mapengo mengi darasani hayashushwi kamwe. Mtoto anafika Gredi ya 3 akiwa bado anasubiri mwalimu aandike "Fisi ni" ndipo aendelee. Kama baada ya wiki tatu hivi pengo bado lipo na lina urefu uleule, limekuwa kizuizi.

Kuchora, kisha kuandika

Mtoto anachora mhusika, anavuta mishale kwenye viungo, anaandika jina la kila kiungo na sifa yake, halafu anageuza maandishi ya mishale kuwa sentensi. Kwa Gredi ya 1 hakuna njia bora zaidi. Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kiingereza nyumbani, na katika mitaa kama Kilimani na Lavington wako wengi, mchoro humpa kitu cha kuuliza: "Hii inaitwaje kwa Kiswahili?" Swali hilo ni nusu ya somo.

Hata hivyo, ukimwachia mtoto karatasi na kalamu za rangi, dakika 30 zitaisha akipaka nyasi. Nyasi za kijani, jua la manjano kwenye kona, nyumba yenye bomba la moshi ambalo hajawahi kuliona Nairobi. Sentensi? Moja, ya haraka, kengele ikilia. Walimu wanaofanikiwa na njia hii wana sheria ndogo mbili: penseli pekee mpaka sentensi ziandikwe, na muda wa kuchora ni kama dakika saba.

Kuna jambo la tatu, na nadhani ndilo linaloamua. Usimwambie mtoto achore Fisi. Mwambie achore Fisi akiwa ameweka miguu kwenye njia mbili. Mtoto anayechora mnyama aliyesimama ataandika "Fisi ana mkia", na mkia ni wa kila mnyama. Anayechora tukio analazimika kuonyesha miguu imetanuka, ulimi uko nje, macho yanatazama huku na kule, na mishale yake itasema hivyohivyo. "Miguu ya Fisi imetanuka sana." Hakuna Sungura anayeweza kuiazima sentensi hiyo.

Neno kwa wazazi, maana kazi ya ziada huishia mikononi mwenu. Mtoto akiambiwa achore mhusika, hakuna haja ya kukimbia saiba, duka la intaneti na uchapishaji, saa mbili usiku kuchapisha picha ya fisi ya rangi. Fisi wa saiba ni fisi wa kila mtu. Katika shule za umma, tangu mpango wa kusoma wa Tusome ulipoanza kutekelezwa nchini 2015, watoto wa madarasa ya chini wamekuwa na vitabu vya Kiswahili vyenye hadithi na picha, na mtoto akihitaji kutazama, atatazama humo. Fisi mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti aliyechorwa na mtoto mwenyewe hutoa sentensi nyingi zaidi kuliko picha safi iliyobandikwa kwa gundi, kwa sababu mtoto anaweza kukueleza kila mstari aliouweka.

Kuigiza na kumhoji mhusika

Nitatumia muda zaidi hapa kwa sababu ndiyo njia inayodharauliwa. Walimu wengi huiona kama mapumziko kabla ya kazi yenyewe. Mimi naiona kama kazi yenyewe, na kuandika ni kuihifadhi tu.

Hadithi ikishasomwa, mtoto mmoja anaketi mbele ya darasa. Yeye sasa ni Fisi. Wenzake wanamuuliza maswali, naye anajibu kama Fisi. Swali la kwanza huwa la mzaha, na mwalimu aliache lipite. La pili au la tatu litauma:

"Fisi, mbona hukuchagua njia moja?"

"Ningeenda huku, ile nyama ya kule ingeliwa na nani?"

Mtoto wa miaka saba ameeleza ulafi bila kulitaja neno lenyewe, tena kwa sauti ya mlafi mwenyewe. Hapo mwalimu anaandika jibu ubaoni neno kwa neno, kisha anauliza darasa: tukisimulia sisi, tutasemaje? Linatoka hili: "Fisi hakuchagua njia moja kwa sababu hakutaka mwingine ale nyama." Kipimo cha kuhamisha kimepitwa kwa mbali.

Ufundi wa njia hii umo katika kubadilisha nafsi. Fisi aliyeketi kitini anasema kwa ni-: nilimeza mate, nilisikia harufu, miguu yangu iliuma. Anayeandika anabadilisha tu kuwa a-: alimeza mate, alisikia harufu, miguu yake iliuma. Herufi mbili tatu zimebadilika na sentensi ya maelezo imesimama. Watoto wa Gredi ya 2 huliweza hili wakifanya kwa mdomo kwanza. Wengine wataandika "Fisi nilimeza mate", na hilo ni kosa zuri, linaonyesha bado wako ndani ya mhusika. Linasahihishwa kwa kusoma kwa sauti mara moja.

Tena, maigizo huleta vitenzi. Mapengo na michoro huzaa sifa: mkubwa, mrefu, mkali. Lakini mhusika wa Kiswahili huelezwa vizuri zaidi kwa anachokifanya na kinachompata: anachechemea, mate yanamdondoka, macho yamemtoka pima, tumbo linanguruma. Msimulizi wa kawaida wa hadithi zetu hakai kupanga sifa tano za Fisi. Anakuonyesha Fisi akinusa, nawe unajua. Mtoto aliyeigiza anayajua haya mwilini. Ametoa ulimi, ametanua miguu, amekaribia kuanguka, darasa limecheka. Akirudi kwenye dawati ana la kuandika.

Na Sheng, ile lugha ya mtaani? Mtoto kitini atasema alikuwa na njaa mbaya, kwamba nyama ilikuwa mob. Mwache. Ukimkatiza katikati ya kuigiza ili useme "sanifu tafadhali", Fisi amekufa na hataketi tena kitini. Usanifishaji una wakati wake, pale ubaoni mnapoandika pamoja: njaa mbaya tutaiandikaje? Njaa kali. Nyama mob? Nyama tele. Watoto wa Eastlands ni mafundi wa kueleza watu. Wasikie wakimweleza makanga, yule kondakta wa matatu, aliyewafukuza mlangoni. Wanayaacha maneno hayo nje ya daftari kwa sababu tumewafundisha kwamba daftari lina lugha nyingine.

Kasoro zake ni za kweli. Darasa lenye watoto sitini haliwezi kumhoji Fisi mmoja bila vurugu, na katika shule za Mukuru au Mathare ambako darasa na darasa hutenganishwa na mabati, Fisi wako ataingilia hesabu za jirani. Suluhu ya kadiri ni kuwaketisha wawiliwawili: mmoja Fisi, mmoja muulizaji, maswali mawili, kisha wabadilishane, kwa sauti ya kunong'ona. Kunong'ona huwa kunawafurahisha kuliko kupiga kelele. Mtoto mpole naye anapata nafasi, jambo lisilotokea mbele ya darasa zima ambako walewale wanne hunyoosha mikono kila siku.

Maneno ukutani, na kunakili

Maneno ukutani hayatoshi kuwa njia peke yake. Ni msaada. Ukiyaweka, usiandike mashina matupu kama -fupi na -kali, wala neno kavu kama "mifupi". Andika kundi zima: miguu mifupi, meno makali, sauti ya kukwaruza, mwenye madoadoa mgongoni. Mtoto ataokota kundi likiwa na upatanisho wake tayari. Na manila ibadilishwe hadithi ikibadilika, la sivyo utamkuta Kobe mwenye madoadoa mgongoni.

Kunakili sentensi za ubaoni kunafundisha mwandiko. Kuhusu kumweleza mhusika, sioni kinachofundishwa.

Kuchagua kwa hali yako

Kama watoto wako ni wa Gredi ya 1 na wengi bado wanaunganisha silabi, anza na mchoro wa tukio, wakuambie sentensi kwa mdomo, uandike wewe, wao waandike neno moja au mawili chini ya picha. Hakuna haja ya kuharakisha zaidi ya hapo.

Kama ni Gredi ya 2 au ya 3 yenye watoto waongeaji ambao madaftari yao ni matupu, maigizo ya wawiliwawili yatangulie na pengo la "kwa sababu" lifuate kesho yake. Mpangilio huu nauona bora hata mahali ambapo una uhuru wa kuchagua chochote. Maigizo yanatoa la kusema, pengo linalipa umbo. Ukiugeuza, ukaanza na pengo, watoto wataigiza walichojaza.

Kama tatizo kubwa ni upatanisho, na watoto wana mawazo mengi ila kila sentensi ina "masikio kubwa", mapengo ya kiungo na sifa yanastahili wiki nzima. Lakini sahihisha kosa hilo moja pekee katika wiki hiyo. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika kifupi.

Katika shule za binafsi ambako Kiswahili ni kigeni kwa watoto wengi, mchoro na maneno ukutani vifanye kazi pamoja, na maigizo yaje baadaye, wakishapata msamiati wa kuchezea. Kumketisha kitini mtoto asiye na maneno ni kumwaibisha.

Upande wa tathmini, vile viwango vinne vya mtaala, kuanzia mbali na matarajio hadi kuzidisha matarajio, havikuzuii kutumia kipimo cha kuhamisha. "Fisi ni mlafi" iliyoandikwa sawasawa imefikia matarajio ya Gredi ya 1. Mtoto wa Gredi ya 3 aliyeandika "Fisi mwenye tamaa alitanua miguu mpaka ikamuuma" yuko kwingine kabisa, hata kama amesahau nukta.

Nyumbani mambo ni mepesi kuliko darasani, kwa kuwa mtoto ni mmoja na hakuna jirani wa mabati wa kulalamika. Huna haja ya manila wala ubao. Umetoka kwenye foleni ya Jogoo Road umechoka, unasonga ugali, mtoto yuko mezani na daftari. Mwambie: wewe ni Fisi, mimi nina maswali mawili. Akijibu, mwambie aandike hilohilo alilolisema, akibadilisha ni- iwe a-. Usimtamkie sentensi yako iliyo nzuri zaidi, hata ikikuwasha ulimi, maana mwalimu anaijua sauti ya mzazi kwenye daftari kutoka mbali. Sentensi moja iliyo yake inatosha kwa usiku mmoja, na kalamu za rangi zitoke mkobani baada ya nukta.